Mizizi Isiyotoa Maziwa

Skola mwanangu,

Habari yako sikuulizi, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukipanda bodaboda kwenda Mungaa kuaga kwa shangazi yako Yustina, na ulikuwa mzima. Mimi pia mzima, goti tu. Begi lako lipo hapa mlangoni, nimelifunga kamba mwenyewe na hakuna kondakta atakayeifungua. Kesho alfajiri nitalileta stendi ya Ikungi kama tulivyosema.

Mambo ya safari sikuandikii. Ule nini, usiongee na nani, simu uiweke wapi, hayo Yustina atakuwa ameshakuambia mara tatu mpaka sasa, na kila mara anaongeza. Mimi nina jambo moja tu na limenikaa miaka tisa. Nipo nalo hapa barazani tangu umeondoka. Karatasi hii ni ya tatu, mbili nimezichana. Unajua kalamu niliishika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu alisema hajawahi kupata mwanafunzi mwenye mwandiko ulionyooka kama wangu. Muulize mtu yeyote. Lakini leo mkono mzito, sururu ni nyepesi kuliko hii kalamu.

Ni habari ya Jumapili. Ulikuwa unachambua choroko, ukaniambia huko Njombe unakokwenda ni shamba la parachichi, na kwamba wamekuuliza unataka kitalu cha miche au chumba cha kupakia matunda. Nikasema, "Kitalu. Kitaluni ndiko mtu anajifunza kazi." Ukacheka kile kicheko chako cha puani. Ukasema, "Baba na wewe. Nimeshawaambia wanipeleke kwenye kupakia. Mkono wangu unajulikana, nikaue miche ya watu?" Halafu ukaendelea kuchambua, kama mtu aliyesema tu leo kuna upepo.

Nilinyanyuka nikaenda zizini. Ng'ombe hawakuwa na shida yoyote. Nilikaa nao mpaka uliponiita kula.

Sikiliza sasa. Mkono wako hauna kasoro yoyote. Manolia ya mama yako niliiua mimi.

Nitakueleza yote, maana wewe ulikuwa hospitali na mama yako, hukuona.

Unakumbuka mti ule ulivyokuja. Mama yako alifua nguo za masista pale misheni miaka kumi na moja, na yule sista mzee aliporudi kwao alimwachia mti ndani ya ndoo iliyotoboka. Wenzake waliachiwa masufuria na mablanketi. Mama yako akaja njia nzima na ndoo kichwani, ameshikilia shina kwa mkono mmoja, anatembea kama amebeba mtoto mgonjwa. Nikamuuliza, "Unaliwa?" Akasema hapana. "Una kivuli?" Akasema hapana, huu ni wa ile aina fupi, hata ukizeeka hautapita sana kimo chako. "Sasa una kazi gani?" Akasema, "Unatoa maua. Meupe, kila moja kama kisahani." Nikacheka mpaka majirani wakasikia. Singida hii, ambako maji tunapanga foleni kwenye pampu, mtu akanyweshe mti wa maua!

Lakini alikuwa na maagizo yake, ameyakariri kama katekisimu. Mti ukishapandwa usihamishwe. Uwe pale ambapo ukuta wa jiko unaukinga na jua la mchana. Usitiwe majivu. Mizizi yake inalala juu juu, minene na laini, haipendi jembe, kwa hiyo pale chini patandikwe majani makavu na paachwe. "Paachwe," alirudia, akiniangalia mimi.

Unanijua mimi na uwanja. Uwanja wangu ulikuwa unafagiliwa mpaka sisimizi anateleza. Mtu aliyelelewa na baba yangu hawezi kuona majani makavu yamelala mahali akapita. Ni maficho ya nyoka, ni uvivu, ni aibu mgeni akija. Basi mama yako anatandika asubuhi, mimi nafagia jioni. Anatandika, nafagia. Hatukugombana kwa mdomo, tuligombana kwa ufagio, miaka minne. Na kila wiki nilipitisha jembe pale chini, kidogo tu, kuondoa nyasi. Shamba langu la vitunguu halikuwa na gugu hata moja, watu walitoka Ikungi mjini kuja kuliangalia. Nishindwe na bustani ya mama yako, ya hatua nne kwa tatu?

Mti ukadumaa. Mama yako akasema ni jembe langu. Mimi nikasema ni minyaa.

Uzio ule wa minyaa nimeupanda mimi, hauna pengo, mbuzi hajawahi kuupita. Lakini minyaa inakunywa. Kila mkulima wa huku anajua, ukipanda kitu karibu nayo lazima uchimbe mtaro katikati, ukate mizizi yake inayokuja kuiba maji. Nimefanya hivyo kwenye vitunguu maisha yangu yote na sijawahi kukosea.

Mama yako alipolazwa mara ya mwisho, mti ulikuwa na matumba. Mawili, yana vinyweleo kama sikio la ndama. Ndiyo ya kwanza tangu aupande. Alikuwa amelala kiti cha nyuma kwenye gari, akaomba ashushiwe kioo ayatazame. Akaniambia, "Baba Skola, usiuguse." Na wewe ukanivuta pembeni ukaninong'oneza, "Baba, nimetia majivu kidogo pale chini, mchwa walikuwa wanapanda. Usimwambie mama, nitayaondoa tukirudi." Kiganja kimoja cha majivu. Nikasema sawa mama, nenda.

Mlikaa huko siku kumi na moja. Siku ya pili majani yakaanza kupauka. Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nimefagia tena, chini pamekauka kama kigae. Nikasema hii ni minyaa. Nitamwonyesha huyu mwanamke. Atarudi akute mti umesimama kama askari na maua yake mawili, ajue mkulima ni nani kwenye nyumba hii. Nikachukua sururu na jembe. Sikuchimba upande wa uzio peke yake. Nilianza kuuzunguka mti wote, shubiri mbili kutoka kwenye shina, mtaro wa kufika goti.

Mzizi wa kwanza niliokata ulikuwa mnene kama kidole gumba. Sasa, Skola, mnyaa ukiukata mahali popote unatoa maziwa. Tawi au mzizi, maziwa meupe yanabubujika, yakikuingia jichoni unalia siku mbili. Mzizi ule haukutoa maziwa. Ndani ulikuwa wa njano njano, na unanukia, harufu nzuri, kama limau na tangawizi vimetwangwa pamoja. Niliuweka puani nikaunusa. Nikakata wa pili. Haukutoa maziwa. Nikakata wa tatu.

Kwa hiyo nilijua. Hapa ndipo nataka uelewe, maana miaka yote hii nimejiambia kwamba nilikosea tu kama mtu mwingine yeyote. Miwili ya kwanza nilikosea. Wa tatu nilijua.

Na labda ningeacha. Lakini Sinda, jirani yetu, alikuwa anapita na baiskeli yake, akasimama. "Mzee Ntandu! Unamchimbia nani kaburi?"

Nikamjibu, "Nawafukuza wezi. Minyaa imekuja kunywa maji ya mke wangu."

"Ee, fundi ni wewe," akasema. Akaegemea baiskeli, akabaki anaangalia.

Ningefanya nini? Nifukie mtaro mbele ya Sinda? Nimwambie nimekata mti wa mgonjwa? Nilizunguka wote. Nilikata mingine saba, huku nikimfundisha Sinda habari za minyaa na yeye anaitikia, halafu nikajaza mtaro samadi mbichi kutoka zizini, bado ya moto. Sinda akaenda kuhadithia kijiji kizima kazi yangu nzuri. Siku ya nne matumba yalidondoka yakiwa yamefunga. Niliyatupa chooni.

Mkarudi. Mama yako hakuweza kutembea mwenyewe, umemshika wewe huku na Yustina huku. Hakutaka chakula wala kitanda, alisema apitishwe nyuma ya jiko. Majani yalikuwa ya kahawia, yamejikunja. Akasimama pale. Akauliza kwa Kinyaturu, na kwa Kiswahili swali hilo halifiki vizuri, lakini ni kama kusema: nani alikuwa na njaa kiasi hiki?

Nikasema, "Skola alitia majivu."

Maneno matatu. Siri uliyoniachia mwenyewe ukiwa unakwenda kumuuguza mama yako, ndiyo hiyo niliyoitumia.

Ulinitazama. Wala hukujua kama nasema uongo, ulidhani kweli ni majivu yako, hilo ndilo linaloniua. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Ukapiga magoti pale pale mbele ya mama yako, ukasema, "Mama, nisamehe." Yustina naye, ili tu watu wapumue, akacheka akasema, "Huyu mtoto ana mkono wa moto! Msimu huu tusimpe mbegu, atatuunguza." Alitania. Yustina tunamjua. Mama yako hakucheka.

Aliishi wiki sita baada ya hapo. Alikula kwa mkono wako, aliogeshwa kwa mkono wako. Siku moja nilimsikia akikuambia kwamba mti ule ndicho kitu pekee alichowahi kupewa maishani ambacho hakikuwa cha kufanyia kazi. Ukajibu, "Najua, mama." Nilikuwa nje ya dirisha nanoa jembe. Jembe lilikuwa kali tayari. Niliendelea kunoa.

Ningeweza kumwambia siku yoyote kati ya zile. Kila siku nilisema kesho. Nilikuwa na kesho nyingi mimi, nilidhani na yeye anazo.

Wiki ya msiba, waombolezaji wakiwa bado kwenye mikeka, niling'oa mti ule mkavu mwenyewe kabla mtu hajaona mizizi ilivyokatwa, sawasawa kama kwa kisu. Watu wakasema masikini, mzee hawezi kuutazama mti wa marehemu. Wakanionea huruma, na mimi nikaipokea huruma yao, nikala ugali wao.

Hii tabia sikuizua. Baba yangu mimi alitupa tawi la mnyaa kwa hasira, likampiga ng'ombe usoni, ng'ombe akapofuka macho yote mawili. Akasema ng'ombe huyu alizaliwa hivi. Tulikuwa watu tisa kwenye boma lile, wote tulimwona ng'ombe akiona mpaka siku ile, na wote tukasema ndiyo baba, alizaliwa hivi. Nilimheshimu sana baba kwa hilo. Nilidhani huo ndio uanaume, kusema kitu mpaka kiwe.

Utani wa Yustina haukuisha. Tulipopanda mtama ulitaka kushika mbegu, mmoja wa kaka zako akasema kwa kucheka, "Huyo mpeni ndoo." Ukapewa ndoo. Mwaka uliofuata hakuna aliyecheka, ulipewa ndoo tu. Misimu tisa kwenye shamba langu umebeba maji na kupikia wapandaji uji, alizeti inapita mikononi mwa wajukuu wasiojua hata kupenga kamasi, lakini haipiti kwako. Hata mchicha nyuma ya jiko hukuthubutu. Na yale ya Misigiri. Yule kijana aliyekuchumbia alikuwa mwema, na mama yake alikuja hapa akakaa nasi vizuri, mpaka mtu akamnong'oneza kwamba mkono wa binti huyu hauoteshi kitu. Mama mkulima akisikia hivyo harudi. Sisemi ni hilo peke yake. Nasema nilikuwa nimekaa hapa hapa barazani, nikasikia, nikaanza kuzungumzia mvua.

Manolia hii ya sasa watu wanadhani ni kumbukumbu ya marehemu. Niliagiza mche wake Arusha kwa dereva wa lori la vitunguu, aina ile ile fupi, nikaupanda pale pale miaka miwili iliyopita. Shimo nilichimba mara moja, na tangu siku hiyo jembe halijagusa pale. Nimetandika majani nikayaacha, uwanja wangu sasa ni kama wa mlevi na sisemi kitu. Naunywesha maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa, yakiisha ndipo ya pampu, asubuhi, taratibu. Umefika magotini. Majani yanang'aa juu na chini yana rangi ya kutu. Kati ya hapa na Manyoni hakuna manolia kama hii, naapa, hata bwana shamba aliipiga picha.

Lakini nimekuona. Ukitoka pampu, njia ya mkato kwenda jikoni inapita kando ya mti huo, hatua tano tu. Wewe unazunguka nyumba nzima na ndoo ya lita ishirini kichwani ili usiukaribie. Miaka miwili unazunguka. Hukusema, na mimi sikuuliza, nikawa nageuza uso nisione.

Nenda kitaluni. Mpigie msimamizi wako umwambie umebadili mawazo. Miche mingine itakufa, na hata ya kwangu hufa, mimi huyu mwenye vitunguu vile. Nilikuwa nawahi alfajiri kupandikiza mingine kabla jirani hajaamka, ndiyo maana shamba langu halikuwa na pengo. Mmoja utakufa kwa maji mengi, mwingine kwa wadudu, mwingine kwa kosa lako, na siku hiyo utasema, "Ni mimi," na watakugombeza, na jioni mtakula. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani mtu akisema nimekosea mara moja, hata vitunguu vyake havitanunuliwa tena.

Msamaha sikuombi. Wa mama yako siwezi kuupata, na wako si wa kuombwa kwa karatasi.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuisokomeza barua hii ndani ya begi lako, uikute ukiwa umeshapita Manyoni, mimi nisiuone uso wako. Nikajisifu kwa mpango huo. Lakini nimesoma tena kutoka juu, nikaona ni ujanja ule ule. Utajua wewe peke yako huko Njombe, na huku watu wataendelea kusema mkono wa moto, na mimi nitazikwa mtu safi. Kwa hiyo haiingii kwenye begi. Dereva wa bodaboda anakuja jioni hii kuchukua kuku wa Yustina, nampa yeye. Na juu ya bahasha naandika jina la Yustina.

Yustina dada yangu, ni wewe unayesoma, maana msomaji wa ukoo ni wewe, na najua nyumba imejaa watu waliokuja kumuaga. Soma kwa sauti. Kama ulianza kimya kimya, rudi mwanzo. Ya Misigiri muulize Skola kwanza, hayo ni yake, akitaka yaruke. Lakini mzizi wa tatu usiuruke. Na usiwaambie watu kaka yako amezeeka anachanganyikiwa. Akili yangu ni nzima kuliko zenu wote mliokaa hapo. Lile neno ulilitania wewe mara moja, ukasahau. Mimi ndiye niliyeliacha liishi kwenye nyumba yangu miaka tisa, nikijua.

Skola, kesho saa kumi na mbili nitakuwa stendi. Nitasimama pale basi linaposimama, sitajificha nyuma ya vibanda. Watakuwepo watu wa Mungaa na watakuwa wameshasikia. Hujawahi hata siku moja kupita mbele yangu bila kuniamkia, hata asubuhi ile ya kumzika mama yako ulinipa shikamoo. Kesho si lazima. Chukua begi, panda basi. Mtu akikuuliza mbona humwamkii baba yako, mwambie, "Ni yeye mwenyewe aliyeniruhusu, mpaka siku nitakayotaka." Akibisha, mwonyeshe hapa.

Ni mimi baba yako,
Ntandu